Kushika Do

Mzee Sifael alikosa swali lile lile kwa mara ya nne, na mimi nilikuwa nimechoka hivi kwamba nilitamani nimwekee alama ya vema niende zangu nikalale.

Swali lenyewe lilikuwa hivi: "Sikiliza sehemu ya kwanza ya konserto. Kiitikio cha okestra nzima kinaporudi mara ya pili, kiko kwenye ufunguo gani ukilinganisha na mara ya kwanza?" Wenzake wote waliandika kwamba kimehama, kimepanda kwenye so. Yeye aliandika kwa penseli, kwa mwandiko ule uliolala vizuri wa watu waliosoma shule za misheni: "Kimerudi vilevile. Do ni do."

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka 1996, katika chuo kidogo cha muziki cha kanisa, kando ya barabara inayopanda Machame. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha. Wanafunzi wa nyuma walizoea kuniambia, "Mwalimu, ongeza sauti," nami nilizoea kuiongeza kwa dakika mbili, kisha ikarudi chini yenyewe.

Wengi wao walikuwa vijana wa rika langu. Mzee Sifael alikuwa na miaka hamsini na sita. Alikamua ng'ombe wake wawili kabla hakujapambazuka huko Masama, akashuka kwa miguu mpaka barabara ya lami, akapanda basi, na saa mbili kamili alikuwa ameketi benchi la mbele, koti limefungwa vifungo vyote, macho mekundu. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijafungua daftari la mahudhurio. Aliitikia marahaba, kisha akasimama wima kama mwanafunzi na kusema, "Habari za asubuhi, mwalimu." Mwanzoni vijana walicheka. Baadaye wakaacha.

Alikuwa ameongoza kwaya ya usharika wake kwa miaka ishirini na saba bila kuusomea uongozi huo popote. Mwaka ule baraza la wazee wa kanisa lilimwandikia barua. Mambo yalikuwa yanabadilika, ilisema barua, na mwalimu wa kwaya alitakiwa kuwa na cheti kabla ya Krismasi. Asipokipata, kwaya angekabidhiwa Eliaichi, kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam na kinanda chake cha umeme. Mzee Sifael alinionyesha barua hiyo siku ya kwanza, akaikunja tena katika mikunjo yake ileile, na hakuitaja tena. Lakini mtihani ulikuwa mwezi wa kumi. Karatasi ya kusikiliza ilikuwa na maswali manne tu, mawili kati yake yalihusu funguo, na aliyekosa mawili alikuwa ameanguka.

Konserto ya enzi za Baroko, muziki wa Ulaya wa karne tatu zilizopita, si kitu kigumu kufundisha ukiwa na okestra. Mimi nilikuwa na radio kaseti na kanda moja. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo tulitumia betri, na betri zilipoanza kuishiwa kanda ilikwenda kwa kujikokota, fidla zote zikaguna kama watu waliobebeshwa gunia.

"Hawa nao leo hawajala," alisema Denis, aliyekaa dirishani na ambaye hakuweza kukaa kimya hata wakati wa sala.

Nilichora ubaoni. Sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, ya haraka tena. Kundi zima linaanza na kiitikio chake. Kisha mpiga fidla mmoja anatoka peke yake kuonyesha ufundi wake. Anachukua kipande kifupi na kukirudia hatua moja juu, na hatua nyingine juu, kama mtu anayepanda ngazi. Kundi zima linaingia tena na kiitikio, mara nyingine kipande chake tu. Chini yao wote kuna besi na kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake hudonolewa, na hao wawili hawapumziki tangu mwanzo mpaka mwisho. Nguvu ya sauti haikui taratibu. Wakiwa wote ni kubwa, akibaki mmoja ni ndogo, basi, hakuna katikati. Na kila mara kiitikio kinaporudi kinatua kwenye ufunguo mwingine, mpaka mwisho kabisa ndipo kinarudi kwenye ule wa kwanza.

"Kwa hiyo huyu mmoja anaringa, na wenzake wanamkatisha," alisema Denis.

"Hawamkatishi. Wanamwitikia."

"Mwalimu, nyumbani kwetu hilo linaitwa kumkatisha mtu."

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Mzee Sifael hakucheka. Alikuwa ananakili mchoro kwa rula.

Siku hiyo ya kosa la nne alibaki wenzake walipotoka. Alisimama mbele ya meza yangu, karatasi yake mkononi.

"Mwalimu, naomba unieleze. Wimbo wenyewe nimeusikia kwa masikio yangu. Do, mi, so, mi, do. Ulipoondoka ukarudi, ukarudi do, mi, so, mi, do. Nimekosea wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa yale niliyoandika ubaoni, nikakuta siwezi, kwa sababu hakuwa amekosea. Solfa, ile ya do-re-mi, ndivyo inavyofundisha. Ukihamia ufunguo mpya unahama na do yako, kama mama anayehama nyumba na mafiga yake; popote atakapoyapanga, hapo ndipo jikoni. Aliyesikia do, mi, so alisikia sawasawa. Hakusikia tu kwamba nyumba ni nyingine.

"Baba, kwaya yako inaimba na ala gani?"

"Ala gani, mwanangu? Tunaimba na vifua."

"Na do unaitoa wapi?"

Akagusa koo lake. "Naitoa hapa. Nikishawapa, tunakwenda. Wakienda huku nakwenda nao, wakienda kule nakwenda nao. Mwalimu wa kwaya ukiwaacha watu wako njiani, umewapoteza."

Nikaelewa. Kwa miaka ishirini na saba masikio yake yalikuwa yamefunzwa kufuata. Nikabadilisha betri, nikaweka zile mpya nilizokuwa nazitunza kwa ajili ya siku ya mtihani.

"Kanda ikianza, ishike do yao ya kwanza. Ivumishe tu mdomoni, midomo imefumba. Wakienda popote, usiende nao."

"Nisiende nao?"

"Usiende."

Mara ya kwanza alikwenda nao. Mara ya pili pia. Nilisikia sauti yake ikiteleza polepole mpaka ikakaa pale okestra ilipokaa, na yeye mwenyewe hakujua. Mara ya tatu aliziba sikio moja kwa kiganja, akafumba macho. Fidla ya peke yake ilipanda ngazi zake, ikageuka, ikashuka. Kundi zima likaingia na kiitikio. Mvumo wa Mzee Sifael ukabaki palepale, ukakwaruzana nao. Akafumbua macho.

"Imenigonga mpaka kwenye meno," alisema.

"Do yako imekuwa nini?"

Akasikiliza, akaimba kwa sauti ndogo kuanzia pale okestra ilipotua: do, re, mi, fa. Akasimama kwenye fa. Kisha akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekesha.

"Imekuwa fa. Kumbe wamehama, nimebaki peke yangu."

Akaomba turudie. Tulirudia mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha akitaka kufunga. Mwezi wa kumi alifanya mtihani na kupata maswali yote manne. Siku ya kutoa vyeti alivaa koti lilelile, na mzee wa kanisa aliyekuja kumshuhudia, Mzee Hosea, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia kwamba sasa kwaya ya Masama ina mwenyewe. Nililala vizuri usiku ule. Nilifikiri kazi imekwisha.

Wiki tatu baadaye nilimkuta kwenye baraza ya chuo, saa saba mchana, hana daftari. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu mpaka juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuongeza ile salamu ya mwanafunzi. "Mwanangu, wanashuka."

"Nani?"

"Kwaya. Alhamisi baada ya kupata cheti nikasema ngoja nijaribu. Nikawapa do, wakaimba, mimi nikaishika ile ya kwanza kama ulivyonifundisha. Ubeti wa pili ikaanza kukwaruza. Ubeti wa nne tulikuwa chini sauti nzima, kama kutoka re mpaka do. Nikadhani ni uchovu, watu wametoka kuchuma kahawa. Alhamisi nyingine, hivyohivyo. Miaka ishirini na saba, mwanangu. Nimekuwa nikishuka nao na kusema tumefika."

Nilimwambia kwamba kila kwaya inayoimba bila ala hushuka, hata za Ulaya. Nilimwambia kwamba hakuna muumini anayesikia.

"Mimi nasikia," alisema.

Kisha akanieleza mengine. Alikuwa ameanza kuwasimamisha. Wakishuka tu anapiga makofi, wanaanza upya. Kuna jioni walirudia ubeti mmoja mara kumi na moja. Mama Ndelilio, aliyekuwa kiongozi wa sauti ya pili kwa miaka kumi na tano, alikunja kitabu chake na kuondoka, na wanawake sita wakamfuata. Habari zilifika kwa wazee. Walikuwa wameamua kwamba Jumapili ya mavuno kwaya ingeimba beti tatu peke yake, na ubeti wa nne Eliaichi angeingia na kinanda, wazee wasikie vyote viwili halafu waamue nani anabaki na watu.

"Nikienda bila sauti ya pili, nimekwisha kabla ya kufungua mdomo," alisema. "Nakwenda kwa Mama Ndelilio kesho. Naomba twende wote. Wewe ndiye unayejua nimepatwa na nini."

Nikajisikia kama mtu aliyempa mgonjwa dawa ya jirani.

Tulifika Masama saa tisa alasiri. Kulikuwa na manyunyu. Njiani alichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba lake la migomba, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akalishika mkononi. Mtu akikuletea isale ameomba msamaha, na kwetu huwezi kumfukuza mlangoni.

Mama Ndelilio alikuwa anakatakata migomba ya kumlisha ng'ombe. Aliliona jani kabla hajatuona vizuri sisi.

"Ah, Baba Mwalimu, kwa nini unanitesa," alisema, akaweka panga chini. "Hilo lirudishe. Ningebembelezwa kidogo tu ningekuja mwenyewe."

"Nimekuja kukubembeleza."

"Kwa isale? Mtu akiona atadhani umenichomea nyumba." Akalipokea lakini, akalichomeka ukutani juu ya mlango wa zizi. Akanigeukia. "Huyu ndiye?"

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mdogo hivi? Mimi nilijua aliyemharibu mzee wetu ni mzungu mwenye ndevu."

Mzee Sifael akasema, "Hajaniharibu."

"Amekuharibu. Zamani ukiwa mbele yetu ulikuwa unaimba. Sasa unatusikiliza tu, sura imekunjamana kama unanusa maziwa yaliyoharibika. Sisi tumetoka shamba. Nimeamka saa kumi. Nimechuma, nimemenya, nimepika mtori wa watoto, nimekuja kanisani miguu inawaka. Naimba ubeti, pa! makofi. Naimba tena, pa! Tunaimbia Mungu au tunaimbia hicho cheti?"

"Mnashuka, Mama Ndelilio."

"Basi tushuke. Nani kaumia?"

Ng'ombe alikuwa anatafuna, na maji yalidondoka kutoka kwenye majani ya migomba.

"Jumapili mje," alisema Mzee Sifael mwishoni.

"Nitakuja, na hao sita nitakuja nao. Ila uniahidi mbele ya huyu binti. Hutatukatisha. Tukianza, tunamaliza."

"Naahidi."

"Hata tukifika shimoni."

"Hata mkifika shimoni," alisema Mzee Sifael, na nikaona kwamba ahadi ile ilimgharimu kuliko jani.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Mbele ya madhabahu waumini walipanga mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kuku waliofungwa miguu, ndoo za maziwa. Kinanda cha Eliaichi kiliwekwa upande wa kushoto, na siku hiyo umeme ulikuwepo. Eliaichi mwenyewe alikuwa kijana mwembamba aliyefanya kila kitu taratibu. Alikwenda kumwamkia Mzee Sifael kabla ya ibada, akamuuliza kwa heshima wataimba kwenye ufunguo gani. "F," alisema Mzee Sifael. Eliaichi akaandika kwenye kiganja.

Nilikaa benchi la nyuma. Kwaya ilisimama, watu thelathini na wawili, wanawake wa sauti ya pili wamerudi wote, Mama Ndelilio katikati yao amefunga kilemba cha njano. Ulikuwa wimbo wa zamani wa Kimachame, wa beti nne, ambao waumini wote wanaujua. Mzee Sifael akagusa koo, akatoa do. Wakaanza.

Sikutaka kuishika ile do. Nilijiambia nisikilize kama watu wengine. Lakini ukishajifunza kuishika haikuachi, ikabaki mdomoni mwangu. Ubeti wa kwanza ulikuwa safi. Katikati ya ubeti wa pili ikaanza kunikwaruza. Nikamtazama Mzee Sifael. Mkono wake ulipanda kidogo, viganja vikakaribiana, nami nikashika benchi. Mama Ndelilio alikuwa anamtazama pia. Mikono ikaachana, ikaendelea kupiga mapigo.

Waliimba vizuri. Lazima niseme hivyo. Waliimba kama watu waliochoka wanaoimba pamoja, wakiegemeana, na kila walipoegemeana walishuka kidogo. Bibi mmoja mbele yangu alikuwa analia bila kujificha. Ubeti wa tatu ulipokwisha walikuwa chini sauti nzima, na hakuna aliyejua isipokuwa sisi wawili.

Kisha Eliaichi akaweka vidole vyake kwenye F.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Kwaya ilikuwa imesimama mahali pamoja na kinanda mahali pengine, karibu mno, kama watu wawili wanaogombania kiti kimoja. Watoto wakaziba masikio. Eliaichi akaondoa mikono, akajaribu tena, akaondoa. Kwaya, kama ilivyoahidiwa, haikukatishwa. Waliimba ubeti wa nne mpaka mwisho peke yao, na mchungaji akasema amina kwa haraka.

Baada ya ibada mnada wa mavuno ukaanza nje. Wazee wa kanisa walikutana katika ofisi ndogo ya mchungaji, na Mzee Hosea akatuma mtu aniite. Eliaichi alikuwa amesimama karibu na mlango, masikio yamemuiva. Mzee Sifael alikaa kwenye kigoda.

"Mwalimu Hellen," alisema Mzee Hosea, "wewe umesomea mambo haya. Sisi tunaona kinanda cha huyu kijana kimeharibika. Waumini wote wameona. Tunataka tu utuhakikishie, tumalize, watu wana njaa."

Eliaichi alitazama sakafu. Nadhani aliamini kwamba kosa ni lake, maana alikuwa anasugua ile F kwenye kiganja. Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema kimeharibika, Mzee Sifael angebaki na kwaya yake mpaka siku ya kuzikwa, na kijana angerudi Dar es Salaam na kinanda kizima ambacho hakuna mtu angekiamini tena. Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Mwacheni binti," alisema Mzee Sifael. "Kinanda ni kizima. Sisi ndio tulioshuka. Sauti nzima."

Mzee Hosea akacheka kidogo. "Watu thelathini na wawili wakosee, kinanda kimoja kipatie?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua tangu ubeti wa pili."

"Sasa mbona hukuwasimamisha?"

"Niliahidi."

"Wameanza kushuka lini?"

"Sijui. Pengine tangu mwanzo."

"Sifael, mimi nimekuimbia sauti ya tatu miaka tisa," alisema Mzee Hosea, na sasa hakuwa anacheka. "Sijawahi kusikia jambo hilo."

"Wala mimi. Mpaka nilipofundishwa mwezi wa tisa."

Hakunitazama aliposema hivyo, lakini wazee wote walinitazama.

Eliaichi akasafisha koo. "Wazee, samahani. Kinanda kina kitufe cha kushusha. Ningejua wako wapi ningewafuata."

"Kinanda ndicho kiwafuate wanaokosea?" aliuliza Mzee Hosea. Nje mtu alikuwa anauza jogoo na watu walikuwa wanacheka. Mzee Hosea akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akachelewa kuivaa. "Tuliagiza mwalimu mwenye cheti. Mwenye cheti ndiye amesema kwamba kinanda kimepatia. Jumapili ya kwanza ya Majilio Eliaichi ataanza." Alisema kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Sifael, kama una la kuongeza, ongeza."

"Sina," alisema Mzee Sifael. Akasimama, akampa Eliaichi mkono. "Sauti ya pili usiwapigie makofi," alimwambia. "Wametoka shamba."

Mama Ndelilio alikuwa anatungoja nje, mkungu wa ndizi alioununua mnadani umelala miguuni pake. Alinivuta mkono kando.

"Wamempokonya?"

"Amesema mwenyewe kwamba mlishuka."

"Mpumbavu huyu," alisema. "Si angenyamaza tu. Nani angejua?" Akainama, akainua mkungu wake, akauweka begani, akaondoka bila kuaga mtu yeyote.

Mzee Sifael alisisitiza kunisindikiza mpaka barabarani, ingawa nilimwambia apumzike. Tulishuka polepole. Migomba ilikuwa imelowa na njia ilikuwa inateleza. Tulipopita duka la mwisho akanitazama.

"Unalia," alisema.

"Silii, baba."

"Unalia, mwanangu. Acha."

"Ningekuacha tu uandike do ni do."

"Ningeanguka mtihani. Wangeninyang'anya kwaya Krismasi."

"Wamekunyang'anya Novemba."

Akafikiri kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake kikavu. "Kweli. Hesabu yako ni nzuri kuliko yangu."

Tulipofika kwenye lami tulikaa juu ya jiwe kusubiri basi. Alinyoosha miguu, akaitazama kama miguu ya mtu mwingine. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua niiombee sehemu gani, kwa kuwa swali lile nililifundisha sawasawa na yeye alilijibu sawasawa. Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Alhamisi ilikuwa siku ya mazoezi," alisema. "Miaka ishirini na saba, kila Alhamisi nafika nyumbani watoto wamelala. Alhamisi hii nitakula nao halafu nilale mapema." Akapiga miayo, mkono mdomoni. "Sijui nitaanzaje. Giza lenyewe litakuwa halijaingia vizuri."

Nilimwambia atazoea. Basi lilipotokea kwenye kona, alisimama kabla yangu na kuinua mkono kulisimamisha.